Nifunge mfumo wa gesi kwenye Noah zangu za Mbale?

Swali la msomaji:

"Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Mbale. Nina Noah mbili zinazobeba abiria Mbale, Tororo na Malaba, na kila moja inakunywa karibu lita 25 za petroli kwa siku. Kaka yangu yuko Dar es Salaam, anaendesha teksi iliyofungwa gesi, na ananiambia anatumia theluthi tu ya pesa aliyokuwa akitumia zamani. Anataka kuninunulia mitungi na vifaa vyote huko anitumie kwa basi. Fundi wangu wa hapa anasema hakuna haja ya gharama hiyo, yeye anaweza kuunganisha mtungi wa jikoni. Mume wangu anasema tungoje, mafuta ya Bunyoro yakianza kutoka gesi itakuwa bwerere. Shemeji yangu naye ana malori mawili yanayokwenda Dar kupitia Mutukula na anauliza swali hilo hilo. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na majibu, kisha nieleze. Kaka yako anasema kweli, lakini asitume mitungi. Fundi wako mkatalie leo, usingoje kesho. Mume wako yuko sahihi kwamba Bunyoro kuna gesi, ila gesi hiyo imekwisha kupangiwa kazi, na kuendesha Noah za Mbale hakumo. Shemeji yako nitamrudia mwishoni, maana habari yake ni tofauti.

Gesi anayojaza kaka yako ni gesi asilia, karibu yote methani, iliyoshindiliwa kwa kompresa hadi bar 200 hivi. Tairi la Noah yako lina bar mbili na ushee, kwa hiyo fikiria mtungi unaobeba karibu mara mia ya hapo. Madereva wa Dar huiita CNG. Inatoka Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, na Mnazi Bay kule Mtwara. Ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa ardhini miaka thelathini, hadi 2004 ilipoanza kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar. Bomba la pili na kubwa zaidi, la kutoka Mtwara, lilikamilika 2015. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na liligharimu takriban dola bilioni 1.2.

Nimetaja bomba kwa makusudi, kwa sababu ndilo jibu lenyewe. Kituo anachojazia kaka yako kinafaidi mabomba hayo, na bei yake kwa miaka ya karibuni imekuwa karibu shilingi 1,550 za Tanzania kwa kilo. Kilo moja ya gesi asilia ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Petroli ya Dar ikiwa karibu 3,000 kwa lita, basi kazi ambayo kaka yako angeilipia 4,500 kwa petroli anailipia 1,550 kwa gesi. Hiyo ndiyo theluthi anayokusimulia. Hesabu yake ni safi.

Sasa ilete Mbale. Lita zako 25 ni sawa na kilo 17 hivi za gesi kwa kila gari kwa siku. Mtungi wa ukubwa unaofungwa sana kwenye magari madogo, ule wa lita 60, unabeba karibu kilo 10. Noah itakwenda nao kilomita 140 au 150, kisha inataka kujazwa. Kutoka Mbale hadi Malaba ni kama kilomita 60. Ukienda na kurudi mara moja, ukaanza safari ya pili, mtungi mtupu. Utajaza wapi? Mbale hakuna kituo, Tororo hakuna, Jinja hakuna, Kampala hakuna. Utabaki na chuma cha kilo sitini na zaidi ndani ya buti, nafasi ya mizigo ya abiria imekwenda, na gari linaendelea kunywa petroli ile ile, tena zaidi kidogo kwa sababu ya uzito.

Watu huniuliza mbona isiletwe kwa lori kama petroli. Inawezekana, na mahali pengi duniani hufanyika hivyo, lakini kwa umbali mfupi. Trela lililojaa mitungi ya chuma hubeba tani tatu hadi tano tu za gesi, kwa kuwa uzito mwingi ni wa mitungi yenyewe. Tuseme tani nne. Hiyo ni sawa na lita 6,000 hivi za petroli, wakati lori la kawaida la petroli linalovuka Malaba hubeba lita 35,000. Kutoka Dar hadi Kampala ni karibu kilomita 1,700, na lori lazima lirudi. Kwa matumizi ya lita 40 na kidogo kwa kila kilomita 100, safari nzima itameza kama lita 1,400 za dizeli. Yaani utachoma karibu robo ya nishati unayoileta kwa ajili ya kuileta tu, kabla hujamlipa dereva, tairi, bima na kompresa ya kituo. Mtu mwenye kiwanda kilomita 100 kutoka mwisho wa bomba atapata faida. Mbale haitapata.

Gesi asilia pia hugeuzwa kuwa kimiminika kwa kuipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na hapo lori moja linaweza kubeba tani 18 au 20. Huo ndio ungekuwa mlango halisi wa nchi isiyo na bahari kama yetu. Mradi mkubwa wa Tanzania wa kusindika gesi hivyo kule Lindi umekuwa kwenye mazungumzo kwa miaka mingi. Bomba la gesi kutoka Tanzania hadi Uganda nalo serikali zetu mbili zimelizungumza, na ningefurahi sana kuliona, lakini bomba la zaidi ya kilomita elfu moja halijengwi kwa ajili ya teksi. Linajengwa pale ambapo kuna mnunuzi mkubwa mmoja au wawili wanaotia saini mkataba wa miaka ishirini, kama kiwanda cha chuma, cha mbolea au cha umeme. Magari huja baadaye, yakafaidi mabaki. Hata Dar ilikuwa hivyo: gesi ilianza kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, na vituo vya magari vikabaki vichache kwa muda mrefu. Mwaka 2023 na 2024 madereva walikuwa wakipanga foleni saa kadhaa kwa sababu magari yalikuwa yameongezeka kuliko pampu. Muulize kaka yako ni usiku mingapi amelala kituoni. Saa hizo za foleni ni hela, na katika hesabu ya theluthi hazimo.

Tuje kwa mume wako na Bunyoro. Mafuta yaligunduliwa 2006, na tangu hapo watu wetu wamesikia neno gesi likitajwa kila mara pamoja na mafuta. Ni haki yao kuuliza iko wapi. Kiasi kinachotajwa rasmi ni karibu futi za ujazo bilioni 500 zilizoko ardhini. Inasikika kama bahari. Ilinganishe na Tanzania, yenye futi za ujazo trilioni 57 na ushee: yetu haifiki hata moja ya mia. Tena sehemu kubwa ya hiyo yetu, kama bilioni 326, imechanganyika na mafuta yenyewe, kwa hiyo itatoka kwa kasi ya mafuta yanavyotoka. Inayokaa peke yake ni bilioni 173 hivi.

Hebu tuifanyie hesabu hiyo ya peke yake. Futi bilioni 173 ni mita za ujazo bilioni 4.9. Teksi inayotumia kilo 15 kwa siku inachukua mita za ujazo 21 kwa siku, karibu 7,000 kwa mwaka. Magari 100,000 ya namna hiyo yangeimaliza yote kwa miaka saba. Na hapo nimechukulia kwamba kila futi iliyoko ardhini inatoka, jambo ambalo halitokei popote. Nchi haiwezi kuwaambia watu wake wabadilishe magari, wajenge vituo, wafundishe mafundi, kwa gesi ya miaka saba.

Halafu gesi hiyo ina wenyewe. Mafuta yetu ni mazito yenye nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, limeundwa kupashwa joto la nyuzi 50 njia nzima. Mitambo ya kuchimba mafuta ya Tilenga na Kingfisher, huko huko Bunyoro, inahitaji umeme na joto mwingi, na gesi inayotoka na mafuta imepangiwa kazi hiyo kwanza. Sheria ya mafuta ya 2013 inakataza kuichoma hewani ovyo, na hilo ni jambo jema ambalo wachimbaji wa nchi nyingine za Afrika wangetuonea wivu. Sehemu nyingine ya gesi itatenganishwa ipatikane propani na butani, yaani gesi ya kupikia. Mimi naunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Kilo ya gesi ya kupikia inayomwondoa mama mmoja wa Buliisa kwenye moshi wa kuni na mkaa ina thamani kubwa kuliko kilo ile ile ikiwa ndani ya Noah, maana Noah ina njia nyingine za kutembea. Tarehe ya mafuta ya kwanza ilikuwa 2025, ikasogezwa hadi 2026. Lakini hata yatoke kesho asubuhi, pampu ya gesi asilia haitaota Mbale kwa sababu hiyo.

Pakistan inafaa kutazamwa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa magari ya gesi: magari zaidi ya milioni mbili, vituo zaidi ya 3,000. Gesi ilikuwa yao wenyewe na bei ilikuwa tamu. Kisha visima vikaanza kupungua, na majumbani, viwanda na mitambo ya umeme vikaanza kuigombania. Magari yakawekwa mwisho wa mstari. Vituo vikafungwa siku kadhaa kila wiki, na wenye teksi waliokuwa wamekopa kufunga mifumo wakarudi kwenye petroli huku wanalipa deni la gesi. Hao walikuwa na gesi nyingi mno kuliko sisi. Delhi ilifaulu zaidi: Mahakama ya Juu ya India iliamuru mwaka 1998 mabasi yote ya mji yahamie gesi, na kufikia mwisho wa 2002 yalikuwa yamehama. Ila Delhi ilikuwa na bomba, ilikuwa na amri, na mabasi yalikuwa yanarudi kulala kwenye yadi zile zile kila usiku.

Kuna pia ushuru. Kila lita ya petroli unayonunua Mbale ina zaidi ya shilingi 1,400 za serikali ndani yake. Gesi ya Dar ni nafuu kwa sababu inachimbwa karibu, na pia kwa sababu serikali haijaikamua sawasawa na petroli. Juni 2024 waziri wa fedha wa Tanzania alipendekeza ushuru wa shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, pendekezo lililozua kelele nyingi. Serikali yoyote ikiona petroli inakimbiwa, itafuata pesa zake zilikokimbilia. Anayewekeza kwenye gesi kwa kutegemea pengo la bei la leo ajue pengo hilo linaweza kupunguzwa kwa hotuba moja ya bajeti.

Sasa fundi wako, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu nyuma ya dereva wako wanakaa watoto wa watu.

Mtungi wa jikoni una gesi tofauti kabisa na ya kaka yako. Ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa shinikizo dogo, bar saba au kumi hivi. Magari yanayotumia gesi hiyo yapo na ni salama. Ulaya yako mengi, na Nairobi kuna vituo vichache vya kuyajazia. Lakini tanki la gari si mtungi wa jikoni. Tanki la gari lina valvu inayofunga lenyewe likifika asilimia 80, ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka jua likiwaka. Lina valvu inayokata gesi bomba likipasuka katika ajali, na nyingine inayofungwa kwa umeme injini ikizimika. Hutoa kimiminika kutoka chini, kikapashwa joto na maji ya rejeta kabla ya kuingia kwenye injini. Limefungwa kwa mikanda ya chuma kwenye fremu ili likae palepale gari likigongwa. Mtungi wa jikoni hauna hata kimoja kati ya hivyo. Umetengenezwa kutoa mvuke kidogo kwa ajili ya jiko. Ukiuvuta kwa kasi ya injini unapoa hadi unafanya barafu ubavuni, gesi inapungua, gari linakohoa, na fundi anaanza kutafuta ujanja: anaulaza au kuupindua, anaondoa regileta, anaumwagia maji ya moto. Nimeona magari ya namna hiyo kwenye gereji, na kila mara nilimwomba mwenye gari aushushe mtungi kabla hajaondoka.

Na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Propani ni kama mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja ndani ya Noah iliyofungwa vioo kwa sababu ya mvua, haipandi ikatoka. Inatulia sakafuni, chini ya viti, karibu na miguu ya abiria, ikingoja cheche. Methani ya kaka yako walau ni nyepesi, ikipata upenyo hupaa.

Hata ukiiacha hatari pembeni, hesabu yenyewe inakataa. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nguvu ya karibu lita 1.4 za petroli. Chukua bei unayolipa wewe mwenyewe kujaza mtungi wa nyumbani uigawe kwa kilo. Tuseme inatoka 9,000 kwa kilo. Gawa kwa 1.4, unapata kama 6,400 kwa nguvu ya lita moja ya petroli. Kama petroli ni 5,000, umepoteza 1,400 katika kila lita. Kwa Noah mbili za lita 25, hiyo ni shilingi 70,000 zinazopotea kila siku. Gesi ya kupikia ya Uganda inaagizwa kutoka nje kama petroli, inapita barabara zile zile, kwa hiyo sioni itatoa wapi unafuu. Bunyoro ikianza kuitoa hapa nchini bei inaweza kushuka, na siku hiyo rudia hesabu hii hii kwa bei mpya.

Nimalizie hatari kwa mfano mmoja wa kweli. Oktoba 2024 kule Benin City, Nigeria, gari lilikuwa linajazwa gesi asilia kituoni, mtungi ukalipuka na watu wakajeruhiwa. Mtungi huo haukuwa wa gesi hiyo. Ulikuwa umechomelewa na kugeuzwa. Nigeria ilikuwa katikati ya kampeni kubwa ya kuhamia gesi baada ya kuondoa ruzuku ya petroli Mei 2023, mahitaji yalikuwa makubwa, na mafundi wa mkato wakaingia. Ndiyo maana sikutaka kaka yako atume mitungi kwa basi. Mtungi wa bar 200 una tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa mhuri, una mwisho wa maisha, mara nyingi miaka 15 au 20, na lazima upimwe kila baada ya miaka michache na mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo. Ukinunua uliotumika huwezi kujua ulianguka mara ngapi.

Swali lako lina sehemu ambayo hukuuliza lakini itakufaa siku gesi ikikaribia: je, Noah yenyewe inafaa? Fungua boneti utazame kifuniko cha injini. Ukiona D-4, kama zilivyo Noah nyingi za kati ya 2001 na 2007, injekta zake zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ukizima petroli ukawasha gesi, ncha za injekta zinakaa kwenye moto bila kitu cha kuzipoza, zinaungua au kuziba. Inabidi mfumo uendelee kupuliza petroli kidogo kidogo muda wote, kwa hiyo unafuu unapungua. Noah zilizofuata zenye injekta kwenye njia ya hewa ni rahisi kufunga. Jua pia kwamba gesi huchukua nafasi ya hewa ndani ya silinda, na injini hupoteza nguvu asilimia 10 hadi 15. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa tayari ni nyembamba kuliko Dar. Kaka yako anaendesha tambarare ya pwani. Dereva wako akikodishwa kupeleka harusi Kapchorwa na abiria saba na mizigo, atalisikia pengo hilo mlimani.

Je, nasema gesi haina kesho Uganda? Hapana. Naiona katika sehemu mbili.

Ya kwanza ni Ziwa Kivu. Katika maji yake ya vilindini kuna karibu mita za ujazo bilioni 60 za methani, zinazomilikiwa na Rwanda na Kongo, na Rwanda imekuwa ikizalisha umeme kwa gesi hiyo kwenye mtambo wa megawati 26 tangu 2016. Rwanda pia imesaini mkataba wa kuishindilia kwa ajili ya majiko na magari. Kwa mtu wa Kisoro, Kivu iko jirani. Ikiwa siku moja kutakuwa na kituo cha gesi asilia katika Uganda chenye bei ya maana, nadhani kitaanzia upande huo kabla ya Kampala.

Ya pili ni gesi tunayoiacha ipotee. Taka za chakula zikioza bila hewa hutoa methani. Agosti 2024 jalala la Kiteezi, la taka za Kampala, liliporomoka likaua zaidi ya watu 30, na miaka yote kabla ya siku hiyo taka hizo zilikuwa zinatoa gesi angani, gesi ambayo kwa miaka ishirini hupasha dunia joto zaidi ya mara themanini kuliko uzito ule ule wa kabonidayoksaidi. Mtambo wa majitaka wa Bugolobi umejengwa kunasa gesi ya kinyesi na kuzalisha umeme. Tani moja ya taka za soko hutoa karibu mita za ujazo 100 za biogesi, na ukiisafisha unapata kilo 40 hivi za methani. Noah zako mbili zingehitaji karibu tani moja ya maganda ya ndizi na kabichi zilizooza kila siku. Soko la Mbale linazo. Lakini kuisafisha na kuishindilia hadi bar 200 kunahitaji mtambo ambao mtu mmoja mwenye Noah mbili hawezi kuumudu. Jiji linaweza, kwa malori yake yenyewe ya taka, yanayorudi palepale kila jioni. Ningependa sana kuona jiji moja la Uganda likijaribu.

Kwa magari ya kawaida ya abiria, nishati ambayo nchi hii inayo ya kutosha ni umeme. Bwawa la umeme la Karuma peke yake, lililozinduliwa Septemba 2024, ni megawati 600, na mara nyingi tunazalisha zaidi ya tunavyotumia. Boda za umeme zinazobadilisha betri zimekwisha kuzoeleka Kampala. Gari la umeme la abiria saba kwa bei ya Noah iliyotumika bado halijafika, kwa hiyo sikwambii uuze zako. Nakwambia pesa uliyotaka kuweka kwenye mitungi iweke akiba kwa ajili ya gari litakalofuata, na kwa sasa mwambie dereva apime upepo wa tairi kila asubuhi, abadilishe plagi na kichujio cha hewa kwa wakati. Kwa lita 50 kwa siku, hata asilimia tano ni 12,500 unayobaki nayo.

Shemeji yako sasa. Yeye walau anafika mahali penye gesi. Malori yake ni ya dizeli, na methani haiwaki kwa kushindiliwa tu kama dizeli. Inahitaji joto la nyuzi 540 hivi. Kwa hiyo injini yake itafungwa mfumo wa mafuta mawili: dizeli kidogo inaingia kuwasha, gesi inafuata. Katika hali nzuri gesi huchukua nafasi ya nusu ya dizeli. Tatizo ni kwamba vituo vingi viko Dar, Pwani na Mtwara. Atajaza Dar, gesi itakwisha njiani kabla hajaiona Singida, na safari yote iliyobaki hadi Mutukula, kisha Kampala, ni dizeli tupu. Mitungi itabaki juu ya lori kwenda na kurudi, na uzito wake unahesabiwa. Mizani ya Vigwaza haiulizi kama kilichozidi ni mzigo au ni chuma cha gesi, na kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56. Kila kilo ya mtungi ni kilo ya mzigo asiyolipwa.

Wanaofaidi ni kampuni kama Dangote ya Mtwara, ambayo ina malori mengi ya gesi, mzigo wake unaanzia penye gesi, na njia ni ile ile kila wiki. Kwa malori mawili ya njia ya Mutukula, ningemwambia asifunge mwaka huu. Aangalie kitu kimoja tu: siku vituo vya malori vitakapofika Dodoma na kuendelea hadi Kahama, vikiwa na pampu kubwa za kujaza lori kwa dakika chache, hesabu yake itabadilika. Hapo aniandikie aina ya injini, mwaka wake, na uzito anaobeba kwa kawaida, nimfanyie hesabu ya mtungi mmoja mmoja.